Mwongozo Kamili wa Kukagua Kisu cha Ncha Iliyoshuka kwa Matumizi ya Kila Siku na ya Porini

Kisu cha ncha iliyoshuka, ambacho wauzaji wengi hukitangaza kwa jina la drop point, hutambulika kwa mgongo wake. Mgongo huo haunyooki hadi mwisho, wala haukatwi ghafla karibu na ncha, bali huteremka taratibu kwa mbinuko mmoja kutoka upande wa mpini hadi ukutane na makali chini ya usawa ulioanzia. Umbo lenyewe ni la zamani, lakini aliyelieneza zaidi miongoni mwa wawindaji wa karne ya 20 ni fundi wa Marekani Bob Loveless (1929–2010), ambaye visu vyake vya kuwindia vimeigwa na mafundi wengi. Leo umbo hili limeenea sana, katika visu vidogo vya mfukoni na katika vile vya kiunoni vya watu wanaolala porini.

Kuenea huko ndiko kunakomchanganya mnunuzi, kwa sababu jina la umbo linaeleza mchoro wa ubavuni peke yake. Visu viwili vinaweza kulingana kabisa kwa mchoro, lakini kimoja kikapita ndani ya katoni bila kuhitaji nguvu na kingine kikakwama katikati. Tofauti iko katika unene wa chuma nyuma ya makali, jambo ambalo picha haionyeshi na tangazo hulitaja kwa nadra. Ndiyo maana mwongozo huu unachelewesha habari za aina ya chuma hadi hatua ya tano, ingawa wanunuzi wengi huanza nazo.

Hatua ya kwanza: amua kazi kabla ya kutazama kisu

Chukua karatasi uandike mambo ambayo kisu kitafanya katika wiki ya kawaida. Kufungua vifurushi, kukata kamba, kumenya tunda na kuchonga kijiti ni kazi za kukata vitu laini au vyembamba, na kisu chake kinatakiwa kuwa chepesi, chenye bapa, yaani sehemu ya chuma iliyo nje ya mpini, lenye urefu wa milimita 70 hadi 90, na mgongo wenye unene wa milimita 2 hadi 3. Kuchuna mnyama, kuchonga vigingi vya hema, kuandaa kuni na kufanya kazi ukiwa na glavu za mvua kunahitaji bapa la milimita 90 hadi 120, mgongo wa milimita 3 hadi 4, na mpini unaojaza kiganja.

Mtu anayetaka kisu kimoja kwa kazi zote mbili asidanganywe na wazo kwamba kikubwa kitatosha kila mahali. Kisu kizito huachwa nyumbani, na kisu kilichoachwa nyumbani hakikati chochote. Kwa maoni yangu, anayenunua kimoja tu ni afadhali achague kisu kisichokunjwa chenye bapa la milimita 90 na mgongo usiozidi milimita 3, kwa kuwa hicho hufanya karibu kila kazi ya kambini pasipo kuharibu kazi ndogo za kila siku. Lakini sharti sheria ya mahali anapoishi imruhusu kukibeba.

Hatua ya pili: hakiki sheria

Sheria za kubeba visu hutofautiana sana kati ya nchi na nchi, na mara nyingi huangalia mambo matatu: urefu wa bapa, uwepo wa kufuli, na sababu ya kukibeba. Uingereza, kwa mfano, inaruhusu mtu kubeba hadharani kisu cha kukunja kisicho na kufuli chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, bila kutakiwa kueleza sababu. Kisu chenye kufuli, au kisichokunjwa, kinahitaji sababu ya msingi hata kikiwa kifupi zaidi. Soma sheria ya mahali utakapokibeba kabla ya kulipa, na ukisafiri kwa ndege kiweke katika mzigo unaokaa chini ya ndege, si katika begi la mkononi.

Hatua ya tatu: soma ncha na mgongo

Shika kisu mlalo usawa wa macho, makali yakitazama chini, kisha vuta kwa mawazo mstari ulionyooka unaopita katikati ya mpini kuelekea mbele. Katika kisu kilichopangwa vizuri, ncha huangukia karibu na mstari huo, juu yake kidogo. Faida yake ni kwamba nguvu ya mkono inafika kwenye ncha moja kwa moja, hivyo unapoitumia kutoboa tundu au kufungua ngozi ya mnyama, kisu hakipindi juu wala chini. Ncha iliyo juu mno hugeuza kisu kuwa cha mgongo mnyoofu, nacho hutoboa vibaya. Ikishuka mno, mviringo wa makali unapungua, na ule urahisi wa kuchuna na kukata kwa kuvuta unapotea.

Baada ya hapo tazama kisu kutoka juu, mgongo ukielekea jichoni. Angalia unene wa mgongo unapungua kuanzia wapi. Sifa kubwa ya ncha iliyoshuka ni kwamba mgongo unaweza kubaki na unene wake hadi karibu na mwisho, kwa hiyo ncha inakuwa na chuma cha kutosha kuizuia isivunjike upesi kama ncha ndefu za visu vilivyokatwa mgongoni. Hata hivyo baadhi ya watengenezaji huchonga sehemu ya mbele ya mgongo pande zote mbili ili kisu kipendeze na kutoboa kwa urahisi. Uchongaji huo huondoa chuma mahali palepale ulipokuwa unalipia uimara. Kwa kisu cha kufungulia bahasha hakuna hasara. Kwa cha porini mimi singekichukua.

Angalia pia pembe za mgongo. Ikiwa unakusudia kukwangua fimbo ya kuwashia moto, mgongo unatakiwa uwe na pembe mraba, yenye ukali unaohisiwa ukipitisha ukucha. Ikiwa kazi yako ni kuchonga kwa muda mrefu huku kidole gumba kikisukuma mgongo, pembe hizo zitakuumiza, na ni vizuri zaidi ziwe zimelainishwa, angalau katika nusu iliyo karibu na mpini.

Hatua ya nne: pima unene nyuma ya makali

Hapa ndipo pa kutumia muda mwingi kuliko hatua zote. Makali ya kisu ni pale ambapo pande mbili zilizonolewa zinakutana, na juu tu ya ule mkanda mwembamba unaong’aa wa kunolea ndipo bapa lenyewe linapoanzia. Unene wa chuma mahali hapo ndio unaoamua kama kisu kitapita au kitakwama, kwa sababu ukali wa makali huanzisha mkato tu, na baada ya milimita moja ya kwanza kinachosukumana na kitu kinachokatwa ni ubavu wa bapa.

Ukiwa na kalipa, kifaa cha kupimia unene, pima mahali hapo katika sehemu tatu: karibu na mpini, katikati, na pale makali yanapoanza kupinda kuelekea ncha. Kisu cha kila siku kinakata vizuri kikiwa na milimita 0.3 hadi 0.5, cha porini kinaweza kufika 0.5 hadi 0.8 ili kistahimili mbao ngumu na mifupa midogo. Kinachokaribia milimita 1 kitaelekea kupasua zaidi ya kukata, hata kama kinanyoa nywele za mkono siku ya kwanza.

Asiye na kalipa anaweza kukisia kwa macho. Washa taa ya mezani, geuza kisu polepole hadi mkanda wa kunolea uakisi mwanga, kisha weka rula kando yake usome upana wake. Kisu kilichonolewa kwa digrii 20 kila upande chenye mkanda wa milimita 0.7 kina unene wa takriban milimita 0.5 nyuma ya makali. Mkanda wa milimita 1.5 kwa pembe hiyohiyo unaonyesha takriban milimita 1. Kwa hiyo mkanda mpana unaong’aa, ambao katika picha hufanya kisu kionekane cha kutisha, mara nyingi ni ushahidi kwamba bapa liliachwa nene. Kuung’arisha kama kioo hakubadilishi jambo hilo.

Ukiwa bado chini ya taa, elekeza makali yenyewe kwenye mwanga na uyatazame kwa mbele. Makali mazuri hayaonekani, kwa sababu ni membamba mno kuakisi chochote. Nukta nyeupe ni pengo au sehemu butu, na mstari mweupe mrefu unaonyesha kwamba kisu hakikunolewa sawasawa. Linganisha pia upana wa mkanda upande wa kushoto na wa kulia. Tofauti ndogo hurekebishika kwenye kinoo, lakini upande mmoja ukiwa na upana mara mbili ya mwingine, kisu kitavutwa upande mmoja kila unapochonga, na kazi ya kukisawazisha itakuwa yako.

Jambo linaloambatana na unene ni namna ubavu ulivyochongwa. Ubavu ulioteremka moja kwa moja kutoka mgongoni hadi kwenye makali ndio unaofaa kazi nyingi zaidi, na kwa kisu cha kila siku ndio ninaoupendekeza. Ubavu uliobonyea ndani hukata vitu laini kwa wepesi mkubwa, ila unaposhuka ndani zaidi unakutana na bega la chuma nene linaloukwamisha. Ubavu uliobinuka nje hustahimili kupasua kuni, nao unahitaji uzoefu wakati wa kuunoa. Ule wa Skandinavia, ambao una mteremko mmoja tu kila upande wa digrii 11 hadi 13 hivi, hushika mbao kwa usahihi usio na mfano, na hunolewa kwa kuulaza mteremko wote juu ya kinoo, jambo linalomfaa sana anayeanza kujifunza kunoa.

Hatua ya tano: chuma, bila kuongozwa na jina

Feleji, yaani chuma kinachotengenezewa kisu, hutafuta mizani kati ya mambo manne: kudumu kwa makali, kutovunjika, kustahimili kutu na urahisi wa kunolewa. Hakuna inayoongoza katika yote manne. Feleji ya 1095, yenye kaboni karibu asilimia 0.95 na isiyo na kromi ya maana, hunoleka upesi na huvumilia kugongwa, lakini huota kutu ikiachwa na jasho la usiku mmoja. Feleji ya Sandvik 14C28N ina kaboni karibu asilimia 0.62 na kromi asilimia 14, hunoleka kwa urahisi na haisumbui kwa kutu, nayo kwa bei yake ni vigumu kuikosoa. CPM S30V, iliyotoka mwaka 2001, ina vanadi asilimia 4, kwa hiyo makali yake hudumu, ila chembe zake za karabidi ya vanadi, yaani vanadi iliyoungana na kaboni, ni ngumu kuliko mchanga wa vinoo vya kawaida, na kinoo cha almasi ndicho kinachoikata vizuri.

Usihukumu kutu kwa asilimia ya kromi peke yake. D2 ina kromi karibu asilimia 12 na bado hushika kutu, kwa sababu sehemu kubwa ya kromi hiyo imefungwa ndani ya karabidi na haibaki huru kulinda chuma. Feleji ya MagnaCut, iliyobuniwa na mtaalamu wa metali Larrin Thomas na kutolewa mwaka 2021, ina kromi pungufu ya hiyo, takriban asilimia 10.7, lakini huistahimili kutu vizuri zaidi kwa kuwa karibu yote imebaki huru.

Linaloamua zaidi ya jina ni jinsi chuma kilivyopashwa moto na kupozwa. Mtengenezaji anayejiamini hutaja ugumu katika kipimo cha Rockwell C. Visu vingi vya kazi huangukia kati ya 56 na 62: vya kugongwa vikikaa chini, vya kukata vyembamba vikikaa juu. Ukiona jina kubwa la feleji kwenye kisu cha bei ya kutupa, bila kutajwa ugumu wala aliyekitengeneza, chukulia kwamba jina hilo ni pambo hadi kazi ithibitishe vinginevyo.

Hatua ya sita: mpini

Shika kisu kwa njia nne, moja baada ya nyingine: ngumi kamili, kidole gumba juu ya mgongo, kidole cha shahada juu ya mgongo kuelekea ncha, na makali yakitazama kifuani kama mtu anayechonga kwa kuvuta. Mpini ulioumbwa kwa mabonde ya vidole huonekana wa kitaalamu dukani, lakini hukubali mshiko mmoja tu, na mabonde yake yakikosana na mkono wako yatakutoa malengelenge. Mpini wa kawaida wenye tumbo dogo katikati na kizuizi cha kuzuia mkono usiteleze mbele kwenye makali ndio unaodumu mkononi.

Lowesha mkono kwa maji na tone la sabuni, kisha ushike tena huku kisu kikiwa ndani ya ala yake au kimefungwa. Mpini unaozunguka katika hali hiyo utazunguka pia ukiwa na damu au mafuta. G10 na Mikarta, ambazo zote ni matabaka yaliyogandishwa kwa resini, hazivimbi kwa maji. Mbao zinapendeza na zina joto mkononi, ila zinadai kupakwa mafuta. Nailoni yenye nyuzi za kioo ni nyepesi na ngumu kuharibu.

Kwa kisu kisichokunjwa uliza chuma kinaingia kiasi gani ndani ya mpini. Kinachofika mwisho kwa upana wote wa mpini ndicho imara zaidi na kizito zaidi. Lakini chuma chembamba kilichofichwa ndani si kasoro kwa lazima. Visu vya jadi vya Ufini vimetumika hivyo vizazi vingi katika kuchonga na kuchuna.

Hatua ya saba: kufuli au ala

Kisu cha kukunja kikague hivi. Kifungue hadi mwisho, shika bapa kwa kitambaa, lisukume kushoto na kulia, kisha juu na chini. Mtikisiko wa ubavuni mara nyingi huisha kwa kukaza skrubu ya egemeo, ile ambayo bapa huizunguka likifunguka. Mtikisiko wa juu na chini ni wa kufuli lenyewe, na kisu hicho kiache. Kufuli la bamba lililo ndani ya mpini, au la fremu ya mpini yenyewe, linatakiwa kugusa kitako cha bapa, yaani mwisho wake ulio ndani ya mpini, kikamilifu na kukaa karibu na mwanzo wa kitako hicho, ili libaki na nafasi ya kusogea kadiri linavyolika. Kisha bonyeza mgongo wa bapa taratibu juu ya ubao, vidole vikiwa nje ya njia ya makali, uone kama kufuli linasogea. Usiupige ubao kwa mgongo huo. Pigo hilo halifanani na kazi yoyote ya kweli na linaweza kuharibu kufuli zima.

Kikiwa kimefungwa, bapa likae katikati bila kugusa pande za mpini. Klipu ya kukishikiza mfukoni iwe na uwezo wa kuhamishiwa upande wa pili ikiwa unatumia mkono wa kushoto.

Ala igeuzwe juu chini na kutikiswa kwa nguvu, juu ya kitanda au nyasi: kisu kikidondoka, ala haifai. Iwe pia na tundu la kutolea maji.

Hatua ya nane: jaribio la kazi

Kukata karatasi hakuthibitishi mengi. Visu vingi hutoka kiwandani vikiwa na utando mwembamba wa chuma uliojikunja kwenye makali, nao hukata karatasi vizuri sana kwa dakika chache kabla ya kupinda. Anza kwa kukata katoni, ukivuta kisu kwa kukatisha mistari yake ya ndani, na usikilize: mlio mwembamba unaoendelea ni wa kukata, mlio wa kuchanika ni wa ubavu mnene. Fuata na kamba ya katani, ukiilaza juu ya ubao na kuikata kwa mvuto mmoja.

Kisha chonga kijiti kikavu cha unene wa kidole gumba ili upate maganda membamba yaliyojikunja lakini hayajaachana na kijiti. Hapo utajua karibu kila kitu. Makali yakizama ndani hata ukilegeza mkono, pembe ni kali mno kwa mbao hiyo. Yakiteleza juu na kukulazimisha uinue mpini, pembe ni butu au bapa ni nene. Tumia sehemu ya makali iliyo karibu na mpini, ambako nguvu ni nyingi, uone pia kama nafasi isiyo na makali kati yake na mpini ni ndefu kiasi cha kukunyima nguvu hiyo.

Ncha ijaribiwe kwa kuchimba tundu la kina cha milimita chache katika ubao laini kwa kuizungusha, bila kuitumia kama mtaimbo. Kupasua kuni kwa kugonga mgongo ni jaribio la kisu kisichokunjwa peke yake, kwa kipande cha mbao chembamba kuliko urefu wa bapa na kisicho na fundo. Muda wote huu kata kuelekea nje ya mwili, weka mtu yeyote mbali zaidi ya mkono ulionyooshwa, na usichonge juu ya paja.

Hatua ya tisa: kinoe mwenyewe

Kisu usichoweza kukirejeshea makali ni cha kuazima tu. Paka mkanda wa kunolea kalamu ya wino mzito, pitisha kisu kwenye kinoo mara mbili, na utazame wino ulitoka wapi: ukitoka juu tu, umelaza mno, ukitoka kwenye makali tu, umeinua mno. Ukishapata pembe, noa upande mmoja hadi uhisi utando mdogo upande wa pili kwa urefu wote, geuza, rudia, kisha malizia kwa mipapaso myepesi ya kupishana. Digrii 15 hadi 20 kila upande zinatosha kwa kisu cha kila siku, na 20 hadi 25 kwa cha porini.

Kabla hujakirudisha mfukoni, pima upana wa mkanda wa kunolea uuandike pamoja na tarehe. Kila unoaji unapandisha makali kuelekea sehemu nene ya bapa, kwa hiyo mkanda utaendelea kupanuka hata kama pembe haijabadilika. Ukifika karibu mara mbili ya kipimo cha mwanzo, usiendelee kunoa makali pekee: laza ubavu juu ya kinoo chenye chembe kubwa kwa pembe ya chini sana, uondoe chuma juu ya mkanda pande zote mbili kwa usawa hadi mkanda urudi kwenye upana ulioandika, ndipo unoe upya.